Mwenye Bakuli

Namalwa aliamka akakuta bakuli la jiwe limejaa maziwa yenye povu, na hapo nyumbani kwao Kitengela hapakuwa na ng'ombe wala mbuzi. Aliyamwaga, akarudi kumnyonyesha mtoto. Tangu ajifungue alikuwa amekufa ganzi moyoni. Hata kushangaa alikuona kazi.

Bakuli lilikuwa limetoka jana yake chini ya rundo la mawe nyuma ya ploti, mafundi walipochimba shimo la choo. Kisemei, mzee Mmaasai aliyewauzia ploti mwaka huo wa 2003, alikuwa amewaonya: rundo lisiguswe, na anayepita aongeze jiwe. Lakini Oyoo, mumewe, alifundisha historia, na mwalimu wa historia ukimpa jiwe atakupa somo.

"Kabla Kristo hajazaliwa, waliochonga hili walikuwa hapa na ng'ombe wao," alisema, akilipangusa kwa shati. "Imagine! Hatujui hata jina la mmoja wao."

Siku hiyohiyo ya maziwa mtoto akaanza kulia. Alilia mpaka sauti ikakwaruza, na chumba kikajaa harufu ya moshi wa mavi ya ng'ombe. Kwao magharibi mwa Kenya, mtoto akilia hivyo kuna marehemu anayetaka mtoto apewe jina lake; mnawataja mmoja mmoja, na yule ambaye mtoto atamnyamazia ndiye. Oyoo alitaja babu na shangazi zake. Namalwa akataja wa kwao. Wapi!

"Basi kama ni wewe mwenye bakuli," Oyoo akasema, nusu mzaha, nusu uchovu, "huyu ni wako."

Mtoto akanyamaza.

Hakulia tena. Hakulia alipodungwa sindano kliniki, wala alipolala njaa, wala maji ya kuoga yalipokuwa moto kupita kiasi, ila alitazama tu, kwa macho ya mtu aliyekaa sana gizani, huku pumzi yake ikinuka ule moshi, na ng'ombe wakipita barabarani aligeuza shingo kuwafuata mpaka wa mwisho alipopotea.

Kisemei alipoitwa, hakuketi.

"Mwalimu, mlimuita?"

Oyoo akainamisha kichwa. "Tulimuita, mzee."

"Huyo mzimu alikuwa amekaa kaburini hapo miaka yote bila mtu wa kumuita."

"Tumrudishie bakuli yake," Namalwa alinong'ona. "Mimi nataka mtoto wangu."

Wakalirudisha jua likiwa bado juu, wakapanga mawe upya. Kisemei akaweka nyasi mbichi, akaomba kwa Kimaasai. Upepo ukatulia.

"Imeisha?" Oyoo akauliza.

Ndipo mtoto akalia, sauti imekwaruza, ya njaa, na ilitoka chini ya mawe. Namalwa aliijua: ya mwanawe. Kwa mara ya kwanza tangu ajifungue hofu ilimpata, hofu na mapenzi kwa pamoja, na maziwa yakamtoka yakalowesha blauzi. Yule aliyekuwa mikononi mwake akageuza uso, akaanza kunyonya.