Lengelenge la Ukutani

Nzi walikuwa kwenye nyumba moja tu. Fundi rangi aliliona hilo kabla hata hajamshika mkewe mkono kumshusha kwenye boti. Kijiji chote cha kisiwani kilikuwa kimepakwa rangi za kuchangamsha macho, waridi, kijani na buluu, nyumba zimebanana hadi ufukweni, lakini nzi walikuwa wamejazana kwenye ya njano pekee. Hawakuruka. Walikuwa wametulia wananyonya.

Mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba, waliyoihangaikia miaka na miaka. Alimpa mumewe sharti moja kwa matembezi hayo ya kutwa: leo hakuna habari za kazi. Fundi akakubali, lakini fundi ni fundi. Mke alipoketi kivulini kupumzisha miguu, yeye alijisogeza ukutani taratibu, mikono nyuma, akijifanya anatazama bahari.

Rangi ilikuwa nene kupita kiasi, tabaka juu ya tabaka, wala haikuonekana kwamba kuna aliyewahi kukwangua ya zamani. Usawa wa kifua chake palikuwa na lengelenge, limevimba, limejaa. Kwa fundi rangi, kitu cha namna hiyo ni uchokozi. Akalitumbua kwa ukucha.

Halikutoka vumbi wala maji ya mvua. Ulitoka uji wa vuguvugu, mzito, wenye mabonge, ukamtiririka kidoleni hadi kiganjani, na harufu yake ilikuwa ya kidonda kilichofungwa kitambaa kikasahaulika, harufu iliyomwingia puani ikashuka kooni ikakaa huko kama kitu alichokimeza, na alipochungulia tunduni aliona nyama ya waridi yenye vinyweleo vilivyolowa, ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka. Fundi akatapika palepale.

Bibi mmoja aliyekuwa akipaka rangi dirisha la jirani akashuka ngazi yake, akautazama ule mkono.

"Umebandua, baba?" alinong'ona.

"Kilengelenge tu, mama."

"Hapa hatubandui. Hapa tunafunika."

Huku akiziba tundu kwa brashi, akamweleza kwamba humo wazee walimfungia jini asiye na mwili wake mwenyewe, anayekaa ndani ya miili ya watu akiiozesha, kwamba ukuta ndio uliogeuka mwili wake, na kwamba kila mwaka ukuta huongezwa rangi iliyosomewa dua. Sasa jini huyo alikuwa ameonja ngozi ya fundi. Bibi akampaka fundi njano mkono mzima hadi kwenye kifundo cha mkono, akampa na kopo lililobaki. Alimwonya asiitoe rangi ile maisha yake yote. Ikichakaa, aongeze nyingine juu yake. Na amwambie mkewe.

Hakumwambia. Utaanzaje kumweleza mwanamke mwenye tumbo kubwa habari kama hizo? Alisema ameshika ukuta mbichi. Mke akacheka, akasema mume wake hata akienda peponi atarudi na rangi.

Tangu waoane, fundi alikuwa akirudi nyumbani hoi, anasinzia kitini, na mkewe anamsafisha mikono kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kabla ya kula. Hayo ndiyo yaliyokuwa mapenzi yao. Siku hiyo pia, waliporudi nyumbani jua halijazama, alisinzia kitini.

Aliamshwa na ile harufu. Mkewe alikuwa ameketi kando yake, kitambaa kimejaa njano mapajani, na mkono wa fundi ulikuwa safi, unang'aa.

"Imenitoa jasho rangi yako," alisema. "Halafu inanuka, mume wangu. Inanuka vibaya." Akashika tumbo. "Mtoto anacheza. Hebu shika."

Fundi hakutaka, lakini mkono ulienda wenyewe. Chini ya kitovu ngozi ilikuwa imeinuka lengelenge, laini, la vuguvugu, na ndani yake kitu kilipanda na kushuka. Ukucha wake ukaanza kuwasha.

Akalikimbilia kopo. Alimpaka tumbo lote kwa brashi, huku akimwambia kila kitu alichomficha, na mkewe akilia bila sauti. Harufu ikafifia. Dirishani nzi walikuwa wameshaanza kutua.

"Bibi alisema isitoke maisha yote?" mkewe aliuliza.

"Maisha yote."

"Na mtoto atatokaje?"

Fundi aliikalia mikono yake yote miwili, kwa sababu ukucha ulikuwa bado unawasha.