Zebaki Haikufa

Wapendwa wa Osiri, na ninyi nyote mnaochimba na kuosha mchanga, nisikilizeni kwa subira. Siandiki haya ili kumchongea mtu. Mimi mwenyewe nimo ndani yake.

Mwaka wa pili baada ya Uhuru, boma la Kerosi na mkewe Nyanchoka lilikuwa na amani. Walitoka Kisii wakaja huku kulima na kuchimba dhahabu. Kila Ijumaa jioni majirani tulikusanyika uani kwao kuipokea Sabato, na Nyanchoka ndiye aliyeanzisha nyimbo. Mimi Bonareri, jirani yake, nilimfuata kwa sauti ya pili.

Kisha mchuuzi mmoja kutoka Isebania akamletea Kerosi zebaki katika chupa ndogo. Ukiitia kwenye mchanga uliosagwa, huikamata dhahabu yote, hata chembe zisizoonekana. Halafu unalichoma lile donge la zebaki na dhahabu. Zebaki inatoweka, dhahabu inabaki. Wachimbaji husema zebaki "imekufa".

Wengine walichomea nje penye upepo. Kerosi aliogopa macho ya watu, wasije wakajua amepata kiasi gani. Alichomea jikoni kwa mkewe, mlango umefungwa, na gunia limezibwa chini ya mlango.

Nyanchoka alinijia. "Bonareri, wewe unasoma. Wakichoma ile kitu, nabaki na ladha ya chuma mdomoni. Ni mbaya?"

Wakati huo nilikuwa darasa la ngumbaru, mwanamke mwenye wajukuu nikishika kalamu. Juma lile lile, Mwalimu Elkanah wa Rusinga alikuwa ametufundisha kampaundi. Alisema sodiamu huwaka ikiguswa na maji, na klorini ni gesi ya sumu. Lakini zikiungana, huwa chumvi tunayotia kwenye mboga. Nilikuwa nimefurahi kama mtoto aliyevishwa viatu.

"Usihofu, dada," nilimjibu. "Vitu viwili vikiungana, ubaya wake unaisha. Ni kama chumvi. Mwalimu amesema."

Kerosi, aliyekuwa amemfuata nyuma, alicheka. "Umesikia? Profesa wa ngumbaru ametoa hukumu! Sasa utabishana na chumvi?"

"Sibishani, bwana. Naulizia kifua changu tu."

Lakini Nyanchoka aliniamini, akarudi jikoni kwake.

Palizi ilipofika niliacha darasa. Nilijiambia kwamba niliyojua yalitosha. Miezi mitatu ilipita. Mikono ya Nyanchoka ilianza kutetemeka. Uji ulimwagika kabla haujafika mdomoni. Ufizi ukatoa damu. Halafu, jambo lililonitisha kuliko yote, akaanza kuogopa watu. Ukipiga hodi, unasikia nyayo zikikimbilia ndani, kisha kimya, nawe unajua kuna macho yanayokutazama kupitia ufa. Watu walisema amerogwa. Kerosi alisema ni malaria, akaendelea kuchoma.

Nilifunga na kuomba siku mbili. Nilimwomba Mungu amponye. Sikuona ishara yoyote, ila moyo wangu ulinisukuma nirudi darasani.

Jioni hiyo Elkanah alikuwa ameandika ubaoni: elementi, kampaundi, mchanganyiko. "Elementi ni kitu kimoja tupu," alisema. "Kampaundi ni elementi zilizoungana zikawa kitu kipya, kama chumvi. Mchanganyiko ni kama nyoyo, kile chakula chetu cha mahindi na maharagwe. Yamekaa chungu kimoja, lakini haragwe bado ni haragwe."

Nikainua mkono. "Mwalimu, dhahabu na zebaki zikishikana, ni chumvi au ni nyoyo?"

Darasa likaangua kicheko. Elkanah hakucheka.

"Ni nyoyo, mama. Kila moja imebaki na tabia yake. Moto unazitenganisha tu."

"Na zebaki inapokufa?"

"Yawa! Nani kakwambia inakufa? Elementi haifi motoni. Inapanda kama mvuke, kisha inatua penye baridi. Anayechomea ndani anaivuta kifuani. Ni sumu hiyo."

Niliacha daftari mezani, nikakimbia. Jua lilikuwa bado juu ya kilima. Niliingia jikoni kwa Nyanchoka, nikapitisha kidole kwenye tumbo la mtungi wa maji. Masizi yakatoka, na juu ya kidole changu yakabaki matone madogo ya rangi ya fedha, yakitetemeka, yakitafutana. Zebaki ilikuwa humo miezi yote, hai.

"Nyanchoka!"

Alikuwa nyuma ya mlango, amejifunika leso usoni. "Mwambie huyo mtu aende," alinong'ona, ingawa tulikuwa wawili tu.

"Ni mimi, Bonareri."

Akanichungulia juu ya leso. "Wewe ndiye uliyesema ni chumvi."

Kerosi alirudi kutoka shimoni, nikamwonyesha kidole changu.

"Lakini ulisema..." alianza.

"Nilisema nusu. Na wewe ulifunga mlango."

Aliketi chini, akashika kichwa.

Tulimpeleka Nyanchoka kwa daktari Homa Bay. Alisema aondolewe kabisa kwenye ule mvuke, na kwamba yaliyokwisha kuharibika hakuna dawa ya kuyarudisha yote. Kerosi alimrudisha Kisii. Nimepata habari kwamba hawezi kushika sindano, na wageni wakija hujificha. Nimemwandikia barua mbili. Hajajibu, wala simlaumu.

FUNZO

Ndugu zangu, jifunzeni kutofautisha. Vitu vilivyoungana na kuwa kitu kipya si sawa na vitu vilivyochanganyika tu; sumu iliyochanganyika bado ni sumu, na moto hauiui. Tamaa ilifunga mlango wa jiko lile, lakini aliyemtuliza mwenye kuuliza ni mimi, kwa elimu niliyoiacha katikati. Ukiulizwa usilolijua vizuri, sema, "Sijui, ngoja niulize." Mungu hakatazi jibu hilo.

Na kama wewe unayesoma haya unachomea zebaki ndani, usimalize ukurasa. Nenda ukamtoe mkeo jikoni.