Madaftari ya Manju Ndalahwa

Kila Jumamosi asubuhi, pale Somanda, Kabula alikaanga karanga, akachana karatasi za kufungia, kisha akaenda kuuza karibu na hospitali. Kupata karatasi hakukumsumbua. Chini ya kitanda cha babu yake kulikuwa na madaftari manne makuukuu ya Hisabati ya shangazi yake. Kurasa za mwanzo zilijaa hesabu, basi Kabula hakujali zilizofuata. Alichana tu.

Babu yake, Mzee Ndalahwa, alikuwa manju, mtunzi na kiongozi wa nyimbo za ngoma. Enzi zake, baada ya mavuno ya pamba, ngoma yake ilishindana na ile ya Mzee Shija wa kule Sola. Manju aliuficha wimbo mpya mpaka siku ya mashindano, mpinzani asije akautungia jibu mapema. Mazoea yana taabu! Uzeeni Ndalahwa aliandika riwaya kwa miaka saba, akaificha vilevile, nyuma ya zile hesabu. Hata mkewe, Bibi Eufrasia, hakuambiwa.

Mwaka huu figo zilimshinda. Daktari aliposema arudishwe nyumbani, kila mtu alielewa. Siku hiyohiyo mzee alimwita mjukuu wake.

"Kabula, nitolee madaftari ya chini ya kitanda. Kile ni kitabu changu."

Kabula aliinama, akamtolea babu yake daftari. "Guku, limebaki moja tu."

"Ni Shija!" mzee alihema. "Alikuja Pasaka, akakaa chumba hikihiki. Ameniibia! Asikanyage hapa tena."

Hapo ndipo Kabula alipopaswa kusema. Wapi! Alinyamaza siku hiyo, akanyamaza na ya pili, mpaka zikatimia siku tisa.

Siku ya kumi Mzee Shija alifika kwa bodaboda, amebeba kibuyu cha maziwa ya mgando.

"Mwangaluka," alisalimu.

Bibi Eufrasia alisimama mlangoni. "Rudi tu, shemeji. Hataki kukuona. Anasema umeiba kitabu chake."

Shija aliweka kibuyu chini, akageuka, akaanza kujikongoja kuelekea barabarani. Kabula aliona wazi kwamba wazee hawa hawataonana tena.

"Babu Shija, subiri!" alilia. "Ni mimi! Nilifungia karanga!"

Akaingia ndani, akapiga magoti, akamweleza babu yake yote.

"Kurasa zote?" mzee aliuliza.

"Zote, Guku, isipokuwa daftari la kwanza."

Ndalahwa aligeukia ukutani akalia kwa sauti. Pumzi za kusimulia upya hakuwa nazo. Baadaye akasema, "Mwiteni Shija."

Shija aliketi kando ya kitanda siku nne, akimwimbia Ndalahwa nyimbo alizotunga Ndalahwa mwenyewe, hata zile alizozisahau. Shija alizishika zote zamani ili azijibu. Siku ya tano Ndalahwa alifariki.

Baada ya matanga Kabula alizunguka kwa wateja wake wote. Hakupata hata ukurasa mmoja. Daftari lililobaki liliishia mahali mwanamke anabisha hodi kwenye nyumba yenye taa.

"Babu Shija, nani alimfungulia?" aliuliza.

"Sijui, mjukuu wangu. Wala hakuna atakayejua."

Kabula aliinamisha kichwa. "Sasa kusema kwangu kulisaidia nini?"

"Kitabu hakikurudi," Shija alijibu. "Lakini ungenyamaza, rafiki yangu angekufa akiniita mwizi. Ulitupa siku nne. Ungesema siku ileile, tungekaa siku kumi na tatu. Ukikosa, sema siku hiyohiyo. Hizo tisa nazidai mpaka leo, na hakuna wa kunilipa."

Alifuta macho, akamsogezea daftari jipya. "Haya, shika kalamu. Nitaimba nyimbo za babu yako polepole, andika."