Doa Lililopigiwa Pasi

Bibi alikuwa dobi, na dobi hana urafiki na doa. Akiona tone la mafuta kwenye kola, husahau hata chai yake mezani.

Mjukuu wake walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. Aliongea akivaa viatu. Aliongea akipiga mswaki. Wateja walikuja kuchukua mashati yao wakachelewa kazini kwa kumsikiliza.

Lakini mpe kitabu! Chiriku yule yule akawa kimya kama maji ya mtungini.

Alikuwa darasa la pili. Mama yake alikuwa mpishi katika kambi ya wajenzi wa barabara, mbali sana, akija nyumbani kwa nadra. Kwa hiyo wote walifurahi mwalimu alipoanzisha mikoba ya kidijitali.

"Siyo mkoba wa kuning'iniza begani," mwalimu aliwaambia wazazi mkutanoni. "Ni mahali ndani ya simu, na kila mtoto ana pake. Humo tunaweka picha za kazi zake, michoro yake, na sauti yake akisoma. Mzazi anafungua kwa namba ya siri, hata akiwa mbali. Kila wiki mtoto ajirekodi nyumbani akisoma kurasa mbili."

Jioni hiyo Chiriku alikaa kando ya meza ya pasi na simu ya Bibi.

"Pa... paka... a-li... a-li-ru... Bibi, hapa pameandikwa nini?"

Masikio ya Bibi yaliwaka moto. "Futa hiyo! Mama yako asikie hivyo? Nguo yenye doa haianikwi barabarani."

"Lakini mwalimu alisema..."

"Mwalimu hana binti anayesubiri simu kambini. Futa, tuanze upya."

Basi Bibi akasoma yeye, mtoto akafuatisha. Wakarudia na kurudia, huku pasi inakwenda na kurudi, mpaka maneno yakakaa kichwani kama wimbo. Ndipo wakapiga video. Mtoto kashika kitabu, maneno yanatiririka.

Mama akajibu upesi: "Mwanangu anasoma kama mtangazaji wa redio!"

Bibi alitembea siku ile kama mwenye harusi. Wiki iliyofuata wakafanya vile vile, na nyingine, na nyingine. Hakuona kwamba Chiriku sasa alivaa viatu kimya. Wateja walichukua mashati yao na kuondoka mapema.

Alasiri moja mwalimu akapita kazini kwa Bibi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ila jihadhari na pasi hiyo, ina moto."

Mwalimu akatoa simu. "Nataka utazame video hii nami."

Wakatazama. Chiriku alisoma bila kukwama hata mara moja.

"Hodari, sivyo?" Bibi akasema.

"Hodari mno. Sasa usitazame mdomo. Tazama mkono."

Bibi akasogeza miwani. Kwenye video, Chiriku alikuwa amefika katikati ya ukurasa wa pili. Ndipo akakumbuka kuufunua.

"Mjukuu wako anasoma ukurasa uliofungwa," mwalimu akasema, akijizuia asicheke.

Bibi alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaona uso wa mwalimu, na kicheko kikamkauka mdomoni.

"Nilimnyoosha kidogo tu, mwalimu."

"Najua, ni mapenzi. Lakini darasani hasomi, Bibi. Nina kundi dogo la kuwasaidia watoto wanaokwama. Kila nikimwita, analia. Anasema mama anajua yeye anasoma, kwa hiyo haruhusiwi kukosea."

Nyuma ya kapu la nguo kitu kilitikisika.

"Toka huko, wewe," Bibi akasema kwa upole.

Chiriku akatoka na soksi ya mtu mkononi. "Bibi, mimi najua kuimba tu. Kusoma sijui. Mama akija atanipa kitabu kingine, nitafanyaje?"

Bibi akaisimamisha pasi.

"Nimepiga pasi juu ya doa," akasema polepole. "Doa bichi ukiliosha, linatoka. Ukilipigia pasi, joto linalikaza. Shati linaonekana limenyooka, kumbe umeliharibu. Ninawafokea wanafunzi wangu wa kazi kila siku kwa kosa hili hili!"

"Bado ni doa bichi, Bibi," mwalimu akasema. "Arekodi anavyosoma kweli, na msifute. Bila video ya kwanza, ya mwisho tutaipima na nini? Mwenyewe achague ipi ibaki mkobani, na aseme nini kilimshinda na atajaribu nini tena. Wewe msifu kwa kitu kimoja alichokiboresha. Na hizi video zibaki kwenu, msizitume kwenye magrupu."

"Hata kwa dada yangu?"

"Dada yako aje hapa, umwoneshe."

"Atakunywa chai yangu yote huyo," Bibi akanung'unika.

Jioni Chiriku akashika simu kwa mikono miwili. "Mama, zile za nyuma niliimba. Hii ndiyo mimi." Akasoma mistari miwili. Alikwama njia nzima. Bibi alikuwa ameikalia mikono yake ili asionyeshe neno kwa kidole.

Jibu lilichelewa. Chiriku hakula. Hatimaye simu ikalia, na sauti ya mama ikaja, imezibwa kama mtu mwenye mafua: "Mwanangu, hiyo ndiyo sauti niliyoikosa. Nisomee tena kesho, hata neno moja."

Chiriku akaingia kundi la msaada. Mkoba ukajaa kukwama, kisha kukwama kidogo, kisha sentensi nzima. Na viatu vikaanza tena kuvaliwa kwa kelele.

Muhula ulipoisha, mama akaja likizo. Alifika na begi lake mlangoni pa kazini kwa Bibi, akitaka kuingia.

"Simama hapo hapo!" Chiriku akapaza sauti. Akamkabidhi mama simu ya Bibi amrekodi, akageukia kibao cha ukutani alichokipita maisha yake yote.

"Nguo... zikikaa... zaidi ya mwezi... ha-tu-ta..." Akakwama. Bibi akauma midomo. "Ha-tu-ta-wa-ji... hatutawajibika!"

Mama akaangusha begi, akamkumbatia mtoto, simu ingali mkononi.

"Bibi!" Chiriku akaita kutoka kifuani mwa mama. "Kunaungua!"

Chini ya pasi ya Bibi moshi ulikuwa ukipanda. Akainua haraka. Kwa bahati ilikuwa foronya yao wenyewe, na katikati yake umbo la pasi limejichora, la kahawia, safi kabisa.

Dobi akalitazama doa lile. Kisha akalinyanyua juu kwa mikono miwili.

"Nipige picha," akasema. "Nami nifungulieni mkoba. Hii iwe ya kwanza."