Aliyefungiwa Dirisha

Maiti ya shangazi ilikuwa nje ya mlango wake mwenyewe. Ilikaa barazani, mgongo umeegemea ubao wa mlango, miguu imenyooshwa mbele, kana kwamba hata baada ya roho kutoka mama yule alikuwa bado anamzuia mtu asiingie. Damu ilikuwa imeshuka kutoka juu ya sikio la kushoto hadi kwenye kola ya gauni, ikaganda. Mkono wa kulia ulikuwa umekunja ngumi.

Inspekta alivaa glovu, akachuchumaa, akaikunjua ile ngumi kidole baada ya kidole. Ndani mlikuwa na ufunguo.

"Amejifungia nje, maskini," alisema sajini.

"Sivyo. Ametoka, akafunga mlango nyuma yake, akasimama hapa. Kuna kitu ndani alichokuwa anakilinda."

Kituoni askari walimwita Inspekta Kupe. Alijua, wala hakukasirika. Kupe akishanasa habanduki kirahisi. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya upole iliyowaponza watu wengi waliodhani upole ni ujinga.

Silaha haikuwa mbali. Kwenye kona ya baraza palikuwa na rundo la fimbo za chuma za kutundikia mapazia. Zote zilikuwa na vumbi isipokuwa moja.

"Hii imefutwa," alisema mtaalamu wa alama za vidole, akiiinua kwa ncha za vidole viwili. "Lakini aliyefuta alikuwa na haraka. Kamaliza katikati, kasahau mwisho. Hapa kuna alama."

Fimbo zile zilikuwa za binti wa kaka wa marehemu, fundi wa mapazia, aliyekuwa akiishi na shangazi tangu ndoa yake ivunjike. Ndiye aliyeikuta maiti. Alikuwa ameketi kwenye ngazi, utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni, macho makavu kama jiwe.

"Ulikuwa wapi, mwanangu?" Inspekta aliuliza.

"Nilikwenda kupima madirisha ya mteja. Nyumba mpya, haijahamiwa."

"Nani alikuona huko?"

"Hakuna."

Sajini alikohoa kikohozi cha mtu aliyekwishapata jibu. Inspekta hakumtazama.

"Ndani ya nyumba kuna nini cha kuibiwa?"

"Cherehani. Vitambaa vya watu. Na kompyuta yangu."

Hiyo kompyuta ndiyo iliyomtia matatani. Kesho yake taarifa ya mtaalamu wa vifaa vya kidijitali ilifika mezani kwa mkuu wa kituo, naye akaisoma kwa sauti kama hukumu. Asubuhi ya siku ya mauaji, binti alikuwa ameacha kivinjari chake cha zamani, ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti, akaweka kingine kisichohifadhi kitu. Ukikifunga, kinasahau kila mahali ulipopita.

"Umeona?" Mkuu alipiga meza. "Asubuhi anafuta nyayo, mchana shangazi yake maiti! Na nyumba anairithi nani? Yeye. Mkamate."

"Hajafuta nyayo, mkuu. Amekataa kuziacha. Hayo ni mambo mawili."

"Mtu asiye na kosa anaficha nini?"

Inspekta aliitupia jicho kompyuta ya mkuu, ambayo kioo chake alikiona kutoka aliposimama. Kando ya habari alizokuwa akisoma lilikuwa linachezacheza tangazo la dawa ya kuotesha nywele. Chini yake lilikuwepo jingine la mafuta ya upara. Chini yake tena, kofia.

"Na wewe mkuu, una kosa gani na kichwa chako?"

Sajini aligeukia ukutani ghafla, mabega yakitikisika.

"Haya yanajileta yenyewe!" Mkuu alifoka, mkono ukipanda utosini bila kuagizwa.

"Hayajileti. Uliuliza mahali kwa siri yako, na aliyekusikia akakimbia kuwatangazia wauza dawa. Wewe hukuniambia, lakini nimejua. Huyu binti amekataa kujulikana namna hiyo. Kukataa si kuua."

"Usinichezee, Inspekta."

"Sikuchezei. Binti ana ufunguo wake mfukoni, nimeuona. Nani anamfungia mlango mtu mwenye ufunguo? Marehemu alimfungia mtu wa nje. Mimi simkamati binti. Ukitaka, kamkamate mwenyewe, kisha ukamweleze hakimu habari za huo ufunguo."

Akatoka bila kungoja ruhusa.

Alimkuta fundi wa mapazia mbele ya cherehani, mguu juu ya kanyagio, hashoni. Inspekta alivuta kigoda.

"Kwa nini siku ile, mwanangu? Kwa nini ubadilishe siku ile ile?"

"Kwa sababu nilichoka, mama." Alisema taratibu, lakini taya zilikuwa zimekaza. "Aliyekuwa mume wangu ana duka la kutengeneza kompyuta. Hii alinipa yeye. Tulipoachana nikaondoka nayo, ndiyo nachorea mapazia. Basi nikitafuta humu duka la vitambaa, nikifika namkuta mlangoni anatabasamu. Nikitafuta daktari wa meno, namkuta kwenye benchi. Siku moja nikatafuta dawa ya kipandauso. Hata sijainuka, ujumbe ukaingia kwenye simu: 'Pole na kichwa.'"

"Hukuja polisi?"

"Nilikuja. Kituoni kwenu hapo hapo. Nikaambiwa mwanamume anayempa pole mkewe wa zamani si mhalifu."

Uso wa Inspekta ulimwaka moto.

"Nikasema basi," binti aliendelea. "Nikaacha kuomba, nikaanza kujifunza. Nilivipitia vivinjari kama ninavyochagua kitambaa. Sidanganywi na rangi. Nageuza upande wa nyuma nitazame mshono. Kimoja kilijisifia usiri mpaka aibu, lakini kabla hakijanifungulia hata ukurasa kikataka namba yangu ya simu. Nikakiacha. Kingine ni cha kampuni inayoishi kwa matangazo. Fisi hapewi bucha alinde. Mwishoni nikapata ambacho mafundi wake wameianika kazi yao wazi, mwenye ujuzi wowote aikague. Kinawazuia wanaofuatilia watu, hakitaki nijiandikishe, na ndicho nikakifanya cha kila siku. Kuna kurasa ziligoma kufunguka. Hata ya muuza vitambaa wangu iligoma. Nikaiambia goma, nitanunua kwa mwingine."

Inspekta alitaka kucheka, akajizuia.

"Shangazi alijua?"

"Nilimweleza asubuhi ile. Alisema, 'Akikukosa humo, atakuja kwa miguu. Na akija kwa miguu, mlango ni mimi.'" Hapo sauti ilimpasuka kwa mara ya kwanza. "Ningemwacha aendelee kunichungulia, shangazi angekuwa hai."

"Nyamaza hapo hapo." Inspekta alimshika mkono. "Neno hilo usilirudie hata ukiwa peke yako. Aliyeshika fimbo ndiye aliyeua. Wewe ulifunga dirisha lako. Sasa nisaidie. Katika kivinjari cha zamani, kuna kitu ulikitafuta ambacho hukumwambia binadamu yeyote?"

Binti alifikiri, akajifuta uso kwa kipande cha kitambaa.

"Chumba cha kupanga. Kule nyuma ya hospitali. Nilitaka nimwondolee shangazi balaa langu. Yeye mwenyewe sikumwambia, angelia."

Duka la mtalaka wa binti lilikuwa safi kuliko zahanati. Nyaya zilipangwa kwa rangi, bisibisi kwa urefu. Mwenyewe alikuwa nadhifu vilevile, shati limenyooshwa, maneno yamenyooshwa.

"Poleni na msiba, afande. Nimesikia. Lakini sisi tuliachana mwaka jana, habari za kule sizijui."

"Hamjaonana?"

"Hata kwa bahati mbaya."

"Hamwandikiani?"

"Zamani kidogo. Sasa hapana."

Inspekta alishusha pumzi, akajifanya amechoka. "Nitakwambia ukweli, bwana. Mkuu wangu anamshuku yule binti."

Kitu kilimulika machoni mwa mtalaka, kikazimwa upesi. Akainamisha kichwa kama mtu anayeonewa huruma na dunia.

"Sipendi kumsema vibaya, afande."

"Sema tu."

"Walikuwa hawaelewani, yeye na shangazi yake. Ndiyo maana alikuwa anahangaikia chumba kule nyuma ya hospitali."

Sajini aliacha kuandika.

"Nani kakuambia habari za chumba?" Inspekta aliuliza kwa upole uleule.

"Watu."

"Mtu gani?"

"Watu tu, afande. Mtaani."

"Mtaani hakuna aliyeambiwa. Hata marehemu hakuambiwa."

"Basi labda yeye mwenyewe alinidokezea."

"Alikudokezea wapi? Umesema hamjaonana hata kwa bahati mbaya."

Mtalaka alichukua bisibisi, akairudisha mahali pake, akaichukua tena. Inspekta akatoa hati ya upekuzi mfukoni, akaiweka juu ya kaunta.

Chumba cha nyuma kilikuwa na kompyuta moja isiyo ya mteja, imewekwa mbele ya kiti chenye mto. Mtaalamu wa vifaa vya kidijitali alikaa, akabonyeza hapa na pale, kisha akamwashiria Inspekta asogee.

"Kile kivinjari cha zamani cha binti kimeunganishwa na akaunti ya huyu bwana tangu siku aliyompa kompyuta. Kila ukurasa alioufungua kule, ulitokea huku. Tazama, afande. Kipandauso. Daktari wa meno. Chumba nyuma ya hospitali." Alishuka mpaka mwisho. "Halafu asubuhi ya mauaji, hakuna kitu. Kimya. Lakini mwenyewe aliendelea kufungua kutazama. Anafungua, anafunga, anafungua. Asubuhi nzima."

Alama za vidole kwenye ncha ya fimbo zililingana na zake. Katika mshono wa kiatu chake cha kushoto, maabara ilikuta damu ya shangazi.

Katika chumba cha mahojiano hakuwa nadhifu tena. Shati lilikuwa lilelile, lakini lilimkaa kama la kuazima.

"Mimi nilikuwa namtazama tu," alisema. "Kumtazama mtu kunamdhuru nini?"

"Endelea."

"Nilijua anaumwa wapi, anataka kununua nini, anaogopa nini. Nani mwingine alimjua vile? Nikikaa kwenye kile kiti, ilikuwa kama bado tunaishi nyumba moja."

"Yeye alijua kwamba mnaishi nyumba moja?"

Alivuta mkono wa shati, akaunyoosha.

"Asubuhi ile kulitokea nini?"

"Nilifungua, nikakuta hakuna jipya. Nikangoja. Nikafungua tena. Nikajua amenitoa. Mimi! Kompyuta nilimpa mimi, hata kuwasha nilimfundisha mimi, halafu ananifungia nje kama mwizi?"

"Ukaenda."

"Kuichukua tu, niirudishe ilivyokuwa. Nilijua yeye hayupo. Barazani viatu vyake havikuwepo. Yule mama akatoka. Akafunga mlango nyuma yake, akaukamata ufunguo. Nikamwambia anipishe. Akasema, 'Umezoea kuingia bila hodi. Leo utapiga hodi, na sitakufungulia.'"

"Halafu?"

"Akacheka."

"Ukampiga kwa sababu alicheka?"

"Fimbo zilikuwa pale, afande. Nilitaka ufunguo tu."

"Ulimpiga mara ngapi?"

Aliangalia mikono yake. "Ya kwanza haikumwangusha. Aliegemea mlango, akaniangalia, akasema, 'Bado sijakufungulia.' Ndipo nikampiga ya pili."

"Na ufunguo hukuupata."

"Vidole vilikataa kukunjuka."

Sajini alikuwa ameinamia karatasi, lakini kalamu ilikuwa imesimama. Inspekta alimgonga kidogo kwa kiwiko, naye sajini akaendelea kuandika. Maelezo yakasomwa, mtuhumiwa akayakubali, akatia sahihi. Pingu zikaletwa.

Alipofika mlangoni aligeuka. Uso wake ulikuwa umebadilika. Ulikuwa na njaa.

"Afande, nimekueleza yote, sikuficha hata moja. Na wewe nieleze kitu kimoja tu. Anatumia kivinjari gani sasa? Kinaitwaje?"

Inspekta Kupe alilijua jina hilo. Alikuwa amekiweka jana yake kwenye simu yake mwenyewe, na ukurasa wa benki ukagoma, naye akauacha ugome.

"Sajini," alisema, "ongeza hapo chini. Mtuhumiwa aliuliza swali. Hakujibiwa."