Unga Namba Arobaini na Moja

Fundi alikuwa akishona sare za shule. Siku mbili kabla, daktari alimkuta na saratani ya titi. "Tumeiwahi," alimwambia. "Jumatatu uje uanze dawa." Fundi aliitikia, lakini moyoni alikuwa na lake.

Jioni wifi yake alikuja kumjulia hali. Huyu ni dada wa mumewe, mkemia katika maabara ya chuo kikuu. Fundi alisimamisha cherehani.

"Wifi, nasikia dawa yako mpya imeua saratani."

"Nani kakwambia?"

"Kaka yako. Yule hana kifua, hawezi siri."

Wifi alicheka. "Ni kweli. Unga namba arobaini na moja uliua seli za saratani."

"Basi niletee kijiko kimoja. Hospitali siendi. Dawa zao zinang'oa watu nywele."

Wifi aliacha kucheka. Akavuta kiti.

"Nisikilize. Mimi naunda molekuli mpya, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Zangu zina umbo la pete. Pete yenyewe ni ya kaboni, ila nafasi moja au mbili napachika naitrojeni au salfa. Nikibadilisha hapo, tabia ya unga inabadilika."

"Kama mimi na kola. Nikibadili kola, shati ni jingine."

"Hapo hapo! Kisha tunatia unga kwenye visahani vyenye seli za saratani. Zikifa, tunafurahi. Lakini hata dawa ya kutoa madoa ingeziua. Ungeinywa?"

"Kwani mimi shuka?"

"Ndiyo maana tunaujaribu pia kwenye seli zenye afya. Majibu yametoka jana. Unga umeziua na hizo. Kazi ya miaka miwili, wifi. Ningekupa kile kijiko, ningekuua kwa mkono wangu."

Fundi alimshika mkono. "Pole, mama."

"Dawa ya hospitali nayo ilipimwa kwenye seli, kwa wanyama, halafu kwa watu waliokubali. Ilichukua miaka. Daktari anajua kipimo chake na madhara yake. Nywele zitaota. Saratani haingoji."

"Naogopa."

"Najua. Jumatatu tutakwenda wote."

Walikwenda. Dawa ilimtesa Fundi. Nywele zilinyonyoka, akatapika, siku nyingine hakugusa cherehani. Lakini hakukosa tarehe hata moja. Baada ya miezi mitano uvimbe ulikuwa umenywea, akafanyiwa upasuaji.

Siku ya majibu, daktari alisoma karatasi mara mbili. "Hatuoni tena saratani," alisema. "Ila usiache kuja kupimwa."

Nje, kwenye korido, aliyelia ni wifi. Fundi alimpa leso.

"Futa machozi uende kazini," alimwambia. "Kuna watu wanaingojea dawa ambayo bado hujaiunda."