Pasi Iliyopigwa Pasi

Asubuhi ile ilikuwa ya kawaida kabisa. Kamba zimejaa mashuka ya watu, povu limejaa uani, na Mama Dobi anafua huku akijiimbia. Alikuwa na safari. Binti yake wa pekee alilazwa nchi ya mbali akisubiri upasuaji wa moyo, na kwenye simu alikuwa ameomba jambo moja tu: "Mama, nisiingie chumba kile peke yangu." Maombi ya viza yalishakubaliwa. Ilibaki kuipeleka pasi yake ya kusafiria ikagongwe muhuri.

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuwa amejinyoosha sebuleni. Mtu ana kijicho yule, nakuambia! Miaka yote kala na kulala kwa mgongo wa dobi, na sasa roho inamuuma: huyu akienda akanogewa huko, mimi nitaangaliwa na nani?

Pasi ilikuwa imelowa kidogo kwenye mfuko wa aproni. Mama Dobi akaiweka dirishani, akapaza sauti kutoka uani.

"Wifi, hebu nikaushie pasi, mikono yangu ina povu!"

Wifi mtu akaichukua. Zilikuwa zimelowa pembe tu. Akatabasamu. Akaichomeka ile pasi nyingine, ya umeme, akaipandisha moto mpaka mwisho, akaikandamiza juu ya ukurasa wa picha. Uso wa mwenzake ukavimba, ukayeyuka, ukawa doa.

"Haki ya Mungu nilisikia 'nipigie pasi'," akajiliza. "Kwani hapa ndani pasi ziko ngapi?"

Wakaenda wote ofisi ya viza. Afisa akaifunua pasi, akaigeuza, akairudisha.

"Imeharibika, mama. Omba mpya, kisha uanze upya."

"Mwanangu anapasuliwa kesho."

"Pole sana. Lakini haina uso. Nitajuaje kuwa ni wewe?"

Walipofika kwenye korido Mama Dobi akamwinamia wifi yake sikioni.

"Kumbe kinachotakiwa ni uso tu, wifi. Nitaazima wako."

"Acha utani bwana."

"Nani kakutania?"

Kesho yake, mchana kweupe, wifi mtu alipitiwa na usingizi kwenye kochi. Akaamshwa na joto shavuni. Nyumba kimya. Harufu ya kitu kilichoungua. Akapeleka mkono puani.

Laini.

Akapapasa juu zaidi. Laini. Akakimbilia kioo. Aliona vizuri tu, ila macho ya kuonea hayakuwepo. Pua haikuwepo. Ngozi tupu, imenyooka kama shuka la mteja.

Akatoka uani akiyumba. Mama Dobi alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo ukutani, macho yamefumba. Akamtikisa. Akamwita, sauti ikatoka ingawa mdomo haukuwepo. Mwili ulikuwa wa baridi, mwenyewe hayumo.

Simu ikalia. Alikuwa yule binti, sauti imechoka lakini hai.

"Shangazi! Nimetoka salama. Asante kwa kuja, jamani. Ulinishika mkono mpaka nikasinzia. Ila shangazi, mbona ulikuwa unaongea kwa sauti ya mama?"

Simu ikamponyoka. Alipoinua kichwa, kigoda kilikuwa kitupu. Mama Dobi alikuwa kwenye kamba, anaanika, anajiimbia.

Wifi mtu akapiga magoti kwenye povu. "Nisamehe, wifi yangu. Nirudishie uso wangu."

"Ungeniacha nimwone mwanangu kwa uso wangu, haya yote ya nini?" Mama Dobi akafuta mikono. "Umo kwenye pasi. Jichukulie."

Pasi ilikuwa dirishani. Wifi mtu akaifunua. Doa halipo. Ukurasa wa picha ni safi, na pale alikuwa yeye mwenyewe, anatabasamu. Akaukwaruza kwa kucha. Haukubanduka. Akafunua ukurasa unaofuata.

Muhuri wa kuingia nchi ile ulikuwepo, wino haujakauka. Wa kutoka haukuwepo.